Pumzi ya Wanuri Kahiu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila tunapoionyesha Pumzi kwenye ukumbi wetu mdogo hapa Mombasa, shuka jeupe ukutani na viti vya kuazima, taa zikishawashwa maswali huwa yale yale. Nimeyakusanya hapa ili anayefika amechelewa, au anayeibeza filamu fupi kama "kitu cha wanafunzi", awe na pa kuanzia. Asiyetaka kuharibiwa utamu aitazame kwanza kisha arudi.

Pumzi ni filamu gani hasa?

Ni filamu fupi ya Kenya ya mwaka 2009, ya dakika 21 hivi, iliyoandikwa na kuongozwa na Wanuri Kahiu, mzaliwa wa Nairobi. Ni hadithi ya kisayansi: mambo yanatokea miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, ambavyo humo vinaitwa Vita vya Maji. Mhusika mkuu ni Asha, ameigizwa na Kudzani Moswela. Watazamaji wa tamasha la Sundance, Marekani, waliiona Januari 2010.

Inasimulia nini?

Nje ya ukuta, ardhi imekufa. Ndani kuna jumuiya iitwayo Maitu, mahali pasafi, peupe, pasipo dirisha la kufungua. Asha ni mtunzaji wa makumbusho ya viumbe na mimea ambayo haipo tena. Siku moja anapokea kisanduku kisicho na jina la mtumaji. Ndani yake mna udongo. Anaupima: hauna sumu ya mionzi, na una maji. Anaunusa, ndoto inamchukua: mti, kisha maji mengi ya kuzama. Mashine inamkamata papo hapo kwamba anaota, na inamwamuru ameze vidonge vya kuzuia ndoto.

Anaifukia mbegu, iitwayo nayo Maitu, kwenye ule udongo, nayo inachipua. Anaomba kibali cha kutoka akaupande mche huo nje. Baraza linakataa: nje hakuna uhai, kwa hiyo udongo huo hauwezi kuwapo. (Mtu ameushika mkononi, anaambiwa haupo. Watu wa kwetu waliowahi kufuatilia cheti ofisini huwa wanacheka hapa.) Maabara yake inavamiwa, yeye anapelekwa kuzalisha umeme kwa nguvu za miguu na mikono kama mfungwa. Anatoroka, anatokea kwenye jaa la taka nje ya ukuta, na anaanza kutembea jangwani akiwa na mche na chupa moja ya maji.

Kwa nini inaitwa Pumzi?

Kwenye matamasha ya nje walitafsiriwa kwamba ni hewa iingiayo na kutoka kifuani. Si kosa. Ila anayekisema Kiswahili nyumbani anasikia zaidi ya hapo. Pumzi ni ndugu ya kupumua, na kupumua ni ndugu ya kupumzika. Aliyekimbia mbio huambiwa ashushe pumzi. Aliyefanya kazi kutwa huambiwa apumzike. Na aliyefariki pia tunasema amepumzika. Fuata safari ya Asha na neno hili moja mkononi, utaona linakwenda naye kutoka maana moja hadi nyingine: mwanzoni anaishi mahali ambapo hata hewa ni ya kupimiwa, katikati anahema jangwani, na mwisho analala chini kando ya mche.

Jina la mhusika nalo lina mzigo wake. Asha ni Aisha wetu wa pwani, na asili yake ya Kiarabu ni aliye hai. Sijui kama mwongozaji alilipima hivyo, lakini likitajwa Mombasa hakuna asiyelisikia.

Na Maitu?

Hilo ni Kikuyu, mama. Filamu yenyewe inalieleza mwanzoni kwa mtindo wa kamusi, ikiligawa kuwa maa, yaani ukweli, na itu, yaani wetu: ukweli wetu. Wataalamu wa Kikuyu wagombane wenyewe kuhusu mgawanyo huo. Kwa hadithi linafanya kazi, maana mbegu ni ya Maitu na jumuiya pia ni Maitu, ila jumuiya ndiyo inayoikataa mbegu.

Mbona basi wanaongea Kiingereza?

Swali hili huulizwa na wazee, na nadhani ni halali. Jina la filamu ni la Kiswahili, mbegu ni ya Kikuyu, na mazungumzo yote ni Kiingereza. Unaweza kujitetea kwamba ndani ya Maitu hakuna anayeongea hasa: midomo imefungwa, watu wanawasiliana kupitia kompyuta, na sauti tunazosikia ni za mashine. Kwa hiyo lugha ya mashine ni ile ya mashine, na maneno ya kwetu yamebaki kwa vitu vyenye uhai: mama, mbegu, pumzi.

Ni utetezi mzuri, nimewahi kuutoa mwenyewe mbele ya ukumbi. Lakini ndani ya moyo wangu naamini pia kwamba pesa ilitoka nje na tamasha lilikuwa nje, na filamu fupi inayotafuta macho ya Marekani huongea lugha inayosikika Marekani.

Je, hii ndiyo filamu yake ya kwanza?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu tumezoea kwamba mtu huanza na fupi kisha hupanda kwenye ndefu. Wanuri alisoma Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, kisha akasomea uongozaji wa filamu katika chuo kikuu cha UCLA, Marekani. Mwaka 2008, kabla ya Pumzi, alikwisha kutoa filamu ndefu, From a Whisper, inayotokana na shambulio la bomu kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998. Filamu hiyo ilitamba kwenye tuzo za Africa Movie Academy mwaka 2009, ikachukua tuzo tano, ikiwemo ya mwongozaji bora. Mwaka huo huo wa 2009 alitengeneza pia filamu ya hali halisi kuhusu Wangari Maathai, For Our Land, kwa ajili ya kituo cha televisheni cha M-Net cha Afrika Kusini.

Kwa hiyo aliyeitengeneza Pumzi hakuwa mwanagenzi anayebisha hodi. Alikuwa mwanamke ambaye hajatimiza miaka 30, mwenye tuzo kubwa ya bara mkononi.

Sasa kama alikuwa na filamu ndefu yenye tuzo, kwa nini arudi kwenye fupi?

Neno "arudi" ndilo tatizo. Mshairi aliyetunga utenzi wa beti mia tano akiamka kesho akatunga shairi la beti tano, nani atamwuliza kwa nini ameshushwa cheo? Utenzi una kazi yake na shairi lina kazi yake. Filamu tumeifanya ngazi kwa sababu ya pesa: fupi haiuziki, basi tunaiita mazoezi.

Tazama From a Whisper ilimtaka afanye nini. Ni msiba wa kweli, na waliofiwa wapo, wanaishi mjini, wanaweza kukaa safu ya tatu siku ya onyesho. Zaidi ya watu 200 waliuawa Nairobi siku ile. Kila uamuzi wa mwongozaji una mtu wa kumjibu. Pia, tuseme ukweli, ni aina ya hadithi ambayo dunia huitarajia kutoka kwetu: mlipuko, machozi, msamaha. Aliifanya kwa heshima. Lakini aliyeimaliza filamu kama hiyo, kisha akakaa akaandika kuhusu mwanamke anayenusa udongo ndani ya jengo jeupe baada ya Vita vya Maji, anatuambia kitu kuhusu haki anayoidai: haki ya Mwafrika kubuni kitu ambacho hakijatokea.

Na kwa dakika 20 haki hiyo inalipika. Kujenga ulimwengu wa kubuni kwa dakika 90 kunataka bajeti ambayo hakuna mtu Nairobi wa mwaka 2009 angempa. Kwa dakika 21 unajenga maabara moja, ujia mmoja, bafu moja, na jangwa ambalo Mungu amelijenga bure.

Kwa hiyo mtu akiniuliza Pumzi inakaa wapi kwenye mwanzo wa kazi yake, sisemi ni hatua ya kwanza wala ya pili. Ni mahali alipoonyesha anataka kuulizwa maswali gani. Kabla yake angeulizwa kuhusu ugaidi. Baada yake aliulizwa kuhusu wakati ujao.

Nani alilipa?

Pesa ilitoka sehemu tatu: mpango wa Africa First wa kampuni ya Focus Features ya Marekani, Goethe-Institut, yaani taasisi ya utamaduni ya Ujerumani, na mfuko wa sanaa wa Changamoto. Africa First ilianza mwaka 2008 ikiwachagua waongozaji watano wa Afrika kutengeneza filamu fupi, kila mmoja akipewa dola 10,000. Wanuri alikuwa katika kundi hilo la kwanza, pamoja na Edouard Bamporiki wa Rwanda, Dyana Gaye mwenye asili ya Senegal, na wawili wa Afrika Kusini.

Ukizidisha kwa shilingi unaweza kudhani ni nyingi. Muulize yeyote aliyewahi kukodi taa, kamera, gari na mpishi wa wiki mbili.

Kenya ina jangwa la Chalbi. Kwa nini wakapige Afrika Kusini?

Kwa sababu jangwa ndilo jambo rahisi kuliko yote katika filamu hii. Linalohitajika ni watu wa seti, wa vifaa, na wa kuchora kwa kompyuta vitu ambavyo havipo. Cape Town ilikuwa na watu hao, imezoea kupokea matangazo na filamu za nje. Watayarishaji walikuwa wa huko, mmojawao Simon Hansen, ambaye alikwisha kushiriki utayarishaji wa Alive in Joburg, filamu fupi ya kisayansi ya Neill Blomkamp ya mwaka 2005. Mtu wa aina hiyo anajua namna ya kuufanya uongo wa kwenye picha uaminike bila mamilioni.

Wanuri mwenyewe alizichunguza filamu za miaka ya 1950, enzi ambazo mandhari yalichorwa kwa mkono na mwigizaji akasimamishwa mbele ya picha iliyorushwa nyuma yake. Ukijua hilo utaona kwa nini Maitu ina sura ya zamani kidogo ingawa ni ya miaka ijayo.

Je, ni ya Kenya? Mwandishi na mwongozaji ni Mkenya, hadithi imewekwa Afrika Mashariki, mbegu ina jina la Kikuyu. Mimi sitaki cheti kingine.

Mbona kila kitu humo ndani kinahusu maji?

Mwulizaji wa swali hili huwa si wa Mombasa. Wetu hawaulizi. Huku maji ya bomba yana siku zake, na siku zisizo zake yanakuja kwa mkokoteni, mitungi ya lita 20, bei ikipanda kadiri mfereji unavyokauka. Kwa hiyo ile picha ya Asha bafuni, anapoupitisha mkojo wake kwenye kifaa cha kusafisha na kuyapokea maji yake tena kwenye chupa, inapokewa tofauti. Vijana wa ughaibuni walioitazama nasi walikunja pua. Mama mmoja wa Kisauni aliyekaa mbele akatikisa kichwa, akasema hiyo mashine ingemfaa.

Zingatia kwamba bafuni humo mna mfanyakazi wa usafi. Asha anamgawia maji yake kidogo. Katika nchi ambayo kila tone lina hesabu, huo ndio uasi wake wa kwanza, kabla ya mbegu na kabla ya jangwa. Baadaye mwanamke huyo ndiye anayemsaidia kutoroka. Hana hotuba. Watazamaji wengi hawamkumbuki mpaka uwatajie.

Inahusiana vipi na Wangari Maathai?

Mwaka ule ule mwongozaji alikuwa akitengeneza filamu ya hali halisi kuhusu Maathai, kwa hiyo asiyeuona uhusiano amefumba macho. Maathai alianzisha harakati za Green Belt mwaka 1977, akiwapa wanawake wa vijijini kazi ya kuotesha miche. Mwaka 1989 alisimama karibu peke yake kupinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park. Alitukanwa bungeni, na jengo halikujengwa. Mwaka 2004 akapewa Nobel ya Amani. Mwanamke, mche, na baraza linalosema hapana: kiunzi ni hicho hicho.

Ila msiigeuze Pumzi kuwa bango la "panda mti". Hapa huwa nachukua muda, kwa sababu filamu ni kali kuliko hivyo. Itazame Maitu vizuri. Haichafui hewa. Maji yanarudishwa yote. Umeme wanauzalisha wenyewe kwa misuli, watu wako juu ya mashine kama wa ukumbi wa mazoezi. Kwa orodha yoyote ya mkutano wa mazingira, Maitu imefaulu. Na bado ni gereza: huruhusiwi kuota, huruhusiwi kutoka, na aliyekosea adhabu yake ni kuongezwa zamu ya kuzalisha ule umeme safi. Kisha Asha anapotoka, anatokea wapi? Jaani. Mahali pasafi pasipotupa chochote palikuwa na pa kutupia muda wote.

Ni kweli ndiyo filamu ya kwanza ya kisayansi ya Afrika?

Hapana. Jean-Pierre Bekolo wa Kamerun alikwisha kutoa Les Saignantes mwaka 2005. Wengi huiita Pumzi ya kwanza ya kisayansi ya Kenya, na hilo ndilo lililoandikwa sana magazetini nje ilipotoka. Mwongozaji mwenyewe amekuwa akisema kwamba kuwaza yajayo si jambo geni kwa Waafrika, kwa kuwa tumekuwa na watabiri na masimulizi ya viumbe wasioonekana tangu zamani. Mtu wa pwani aliyelelewa na hadithi za majini hahitaji kushawishiwa.

Ilishinda nini?

Filamu fupi bora kwenye tamasha la filamu huru la Cannes, 2010 (hili ni tamasha la kando, si lile kubwa lenye zulia jekundu, watu huyachanganya). Na tuzo ya fedha kwenye tamasha la Carthage, Tunisia, mwaka huo huo.

Mbona haikugeuzwa kuwa filamu ndefu?

Kwa sababu ya mfano mmoja mashuhuri, watu wanadhani ndiyo kawaida. Alive in Joburg, ile niliyoitaja, ilikuwa ya dakika sita hivi. Mwaka 2009 ikawa filamu ndefu, District 9. Tangu hapo kila filamu fupi ya kisayansi kutoka Afrika huulizwa kaka yake mkubwa yuko wapi.

Pumzi haijapata kaka, na mimi sisikitiki. Jaribu kuirefusha kichwani mwako. Utalazimika kueleza nani alituma kisanduku. Baraza litataka majina na historia. Asha atapewa mpenzi. Nusu ya nguvu ya filamu hii imo katika yale isiyokuwa na muda wa kuyaeleza.

Kwa hiyo Pumzi ilimfungulia milango?

Ilimpa jina. Milango ni habari nyingine. Hesabu miaka: Pumzi 2009, filamu yake ndefu iliyofuata, Rafiki, 2018. Miaka tisa. Kama filamu fupi iliyofika Sundance ingekuwa ufunguo kama tunavyowaambia vijana kwenye semina, isingechukua muda huo.

Katikati alizungumza kwenye majukwaa ya TED, aliandika kitabu cha watoto kilichotoka mwaka 2017, na alilitangaza neno Afrobubblegum, kwa maana ya sanaa ya Kiafrika ya furaha, ukali na mchezo, isiyo na lazima ya kufundisha kuhusu njaa, vita au UKIMWI. Ukiitazama Pumzi baada ya kulisikia neno hilo unaweza kushangaa, kwa kuwa haina mchezo mwingi, rangi yake ni kijivu na hakuna anayecheka. Lakini haki ni ile ile: kutengeneza kitu ambacho hakikuagizwa na wafadhili wa huzuni.

Kuna uhusiano gani kati ya Pumzi na Rafiki?

Kwa rangi, hakuna. Pumzi imefifia kama kitambaa kilichoanikwa juani mwezi mzima. Rafiki ina waridi na zambarau, kanga, nywele za rangi, Nairobi ya mitaani. Kwa mifupa ni dada. Zote mbili zina msichana ndani ya utaratibu unaojiita wa usalama, anayetaka kitu kidogo ambacho wakubwa wamesema hakipo au hakifai. Katika Rafiki, iliyotokana na hadithi fupi "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, wasichana wawili wanapendana. Ukuta safari hii ni wazazi, kanisa na siasa za mtaa.

Kisha maisha yakaiga filamu kwa namna ambayo mwandishi wa hadithi angeona haya kuibuni. Rafiki ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, ile kubwa, Mei 2018, na wakati huo huo bodi ya filamu ilikwisha kuipiga marufuku nyumbani mwezi Aprili. Mwongozaji akaenda mahakamani kutafuta kibali. Septemba 2018 Mahakama Kuu ikaisimamisha marufuku kwa siku saba, ili filamu iwe imeonyeshwa nchini na iweze kufikiriwa kwa Oscar. Nairobi watu walijaza ukumbi. Hatimaye iliyopelekwa Oscar ilikuwa Supa Modo ya Likarion Wainaina.

Miaka tisa kabla, alimwandika mwanamke anayeomba kibali cha kutoka mbele ya skrini ya baraza. Siku saba ndizo chupa yake ya maji.

Kuna wengine wa kwetu walioanza na filamu fupi?

Wapo, na wengine walipanda ngazi kwa utaratibu tuliouzoea. Amil Shivji wa Tanzania alitoa Shoeshine mwaka 2013 na Samaki Mchangani mwaka 2014, zote fupi, kisha T-Junction, filamu ndefu iliyofungua tamasha la ZIFF Zanzibar mwaka 2017, na mwaka 2021 akaipeleka kwenye tamasha la Toronto, Kanada, Vuta N'Kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ukizitazama kwa mfuatano huo unaona mkono ukikomaa, na unasikia Kiswahili chenyewe kwenye ukumbi wa Toronto.

Watu hunitajia pia Watu Wote ya mwaka 2017, yenye mazungumzo ya Kiswahili na Kisomali, kuhusu shambulio la basi la Mandera la Desemba 2015. Iliingia mchujo wa mwisho wa Oscar mwaka 2018. Mwongozaji wake, Katja Benrath, ni Mjerumani, na ilikuwa kazi ya kuhitimu masomo Hamburg. Ni filamu fupi ya mwanzo wa kazi ya mtu, ndiyo, ila katika historia ya sinema ya Ujerumani, si yetu.

Naweza kuionyesha shuleni?

Inafaa wanafunzi wa sekondari kwenda juu. Kwa urefu wake inaingia kwenye kipindi cha dakika 40 na nafasi ya maswali inabaki. Omba ruhusa ya wenye haki. Na tafadhali tafuta spika: tuliwahi kuionyesha kwa spika ya kompyuta, feni ya ukumbi ikiwa imewashwa, na filamu ambayo watu wake hawafungui midomo ikawa filamu ya feni.

Je, Asha anakufa?

Swali la mwisho kila mara, na ndilo linalochelewesha kufunga ukumbi. Anafika, anachimba kwa mikono, anaupanda mche. Anamimina maji yaliyobaki. Yakiisha, anakamua jasho lake. Kisha analala kuuzunguka mche, anaukinga jua kwa kitambaa chake. Kamera inapaa juu, yeye anakuwa doa kwenye mchanga, na pale alipolala mti unakua, matawi yanafunguka.

Sisi tuliolelewa na vibanda vya video tunajua sheria: steringi hafi. Atapigwa risasi, ataanguka ghorofani, lakini hafi. Ndiyo maana vijana hubishana. Mmoja husema amekufa, mwili umekuwa mbolea. Mwingine husema ile ni ndoto tu, hatimaye ameota bila kumezeshwa kidonge. Wapo wanaosema mti ndiye yeye.

Mwaka jana msichana mmoja, amemaliza kidato cha nne, aliinua mkono nyuma kabisa akasema swali tumelikosea. Alitaka kujua yule mama wa bafuni alifanywa nini baada ya Asha kutoroka. Hakuna aliyekuwa na jibu, na mlinzi alikuwa ameshaanza kukunja shuka.